UZI: Maktaba anayoingia kila msomaji: vipimo, vifaa na makosa yanayojirudia

Mkutubi_Nyanda

Wakuu, habari za kazi. Nafungua uzi huu kwa wakutubi, mafundi, walimu na yeyote anayehusika na maktaba za wilaya, za shule na za vyuo. Nataka tukusanye mahali pamoja namna ya kuifanya maktaba iingilike na isomeke kwa watu wenye ulemavu, kwa fedha ambayo halmashauri inaweza kweli kuitoa.

Msimamo wangu nauweka mapema: fedha ya kwanza isiende kwenye mashine. Printa ya nukta nundu (breli, maandishi ya kusomwa kwa vidole) ikinunuliwa kabla ya mlango kurekebishwa, itakaa kabatini na nailoni yake, na msomaji wa kiti mwendo ataendelea kuishia barazani. Fuateni njia anayopita msomaji, kutoka getini hadi kitabu kikiwa mkononi, na rekebisheni kwa mpangilio huohuo.

Chukueni futi, chaki na kamba ya sentimita 75. Njia ya kutoka getini iwe ngumu chini na upana usipungue sentimita 120. Kokoto na mchanga laini humeza magurudumu madogo ya mbele. Kama kuna mfereji wenye mfuniko wa nondo, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 1.3, na nondo zilale kukatiza njia. Zikilala kufuata njia, gurudumu linazama na mtu anarushwa mbele.

Mlangoni, msipime fremu. Fungueni mlango digrii 90, mpime kutoka uso wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Mlango unaouzwa kama wa sentimita 90 mara nyingi hubakiza 80 hadi 83 tu. Chini ya 80 haufai; lengeni 85 na zaidi. Kwenye milango ya mabawa mawili kosa ni lilelile kila mahali: bawa moja limefungwa komeo juu na chini, lililobaki lina sentimita 65. Hapo hakuna cha kununua. Komeo lifunguliwe asubuhi, mabawa yote mawili yakae wazi hadi jioni.

Kisha shikeni ncha ya kamba katikati na mzungushe chaki. Duara hilo la sentimita 150 ndilo eneo la kiti mwendo kugeuka. Lichoreni ndani ya mlango, mbele ya kaunta, mwisho wa safu za rafu na chooni. Popote duara linapogonga samani, samani ndiyo inayohama.

Karibuni mwongeze, mkosoe, mrekebishe.

FundiZege

Asante mkuu kwa kuanza na futi. Mimi nashika rampu, maana ndipo fedha nyingi inapopotea.

Kanuni ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, kwa hiyo rampu ni mita 5 na sentimita 40. Nimeziona nyingi zilizojengwa mita 2 kwa kimo hicho. Ile si rampu, ni mtego: kupanda mtu hawezi peke yake, na kushuka anakuja nayo kwa kasi hadi getini. Kimo kikizidi sentimita 75, katisha kwa jukwaa la kupumzikia lenye urefu wa sentimita 150, halafu endelea.

Juu na chini pawe na eneo tambarare la sentimita 150. Hapa mafundi wengi wanakosea: rampu inapandishwa hadi kwenye kizingiti chenyewe, na mlango unafunguka kuelekea nje. Mtu wa kiti mwendo akifika juu lazima arudi nyuma kwenye mteremko ili mlango upite. Hawezi, mikono yote miwili imeshika magurudumu.

Upana sentimita 120. Pande zote mbili weka ukingo wa zege wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke na fimbo nyeupe ipate cha kufuata. Mabomba ya kushikia yawe kimo cha sentimita 85 hadi 95, yapite mwisho wa rampu kwa sentimita 30 na ncha zake zikunjwe kuelekea ukutani au chini, zisichome mtu.

Zege mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), umaliziaji kwa ufagio mgumu uliokokotwa kukatiza mteremko wakati zege bado bichi. Msiweke vigae vya kung'aa wala terazo iliyosuguliwa. Vinapendeza siku ya uzinduzi, lakini masika yakija maji yakitanda juu yake hata mwenye miguu yake anateleza. Na msisahau kumwagilia zege siku 7, maana rampu iliyokaushwa haraka hupasuka kwenye maungio na baraza, ufa unapanuka, gurudumu linakwama palepale.

mwl_darasa7

Mkuu FundiZege, naomba hesabu. Maktaba ya shule ina ngazi nne, kimo cha jumla sentimita 62. Kutoka baraza hadi uzio mbele ni mita 5. Ukuta wa jengo upande wa mlango una mita 8. Baraza lina upana wa sentimita 160. Rampu itakaa wapi?

FundiZege

Mwalimu, 62 mara 12 ni sentimita 744. Kwenda mbele moja kwa moja haiwezekani kwa mita 5. Kulala sambamba na ukuta kwa mkono mmoja nako ni kubana: 744 jumlisha 150 za tambarare ya chini ni 894, nawe una 800.

Ikunje. Mkono wa kwanza sentimita 372, unapanda 31. Jukwaa la kugeukia lenye urefu wa 150. Mkono wa pili 372 unarudi ulikotoka, unapanda 31 nyingine na kuishia usawa wa baraza. Baraza lako la 160 ndilo tambarare ya juu, hulijengi upya. Urefu wote ni sentimita 522 kando ya ukuta. Upana: mikono miwili ya 120 na kingo tatu za 10, jumla 270. Kwenye mita 5 zako zinabaki 230 za watu kupita. Inakaa vizuri.

Jambo moja: acha ngazi zilipo. Wapo wanaotembea kwa magongo au wenye mguu wa bandia ambao ngazi zenye bomba la kushikia ni rahisi kwao kuliko mteremko mrefu. Paka ukingo wa kila ngazi mstari wa rangi ya njano, sentimita 5.

kasuku_wa_pwani

Na ile rampu ya kubebeka ya mbao au bati, inafaa?

FundiZege

Kwa ngazi moja, ndiyo. Ngazi ya sentimita 15 inataka ubao wa sentimita 180, na tayari huo ni mzigo wa watu wawili. Zaidi ya hapo unayumba. Na lazima uwe umewekwa muda wote wa kazi. Ukiufungia stoo, msomaji atakaa juani akisubiri aliye na ufunguo.

Gurudumu_Tatu

Naongeza hapo penye kusahaulika. Wasomaji wengi huku kwetu hawaji na kiti mwendo, wanakuja na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Ni ndefu na pana, haitapita kati ya rafu hata mkipanua vipi. Wekeni sehemu ya kuiegesha yenye kivuli, karibu kabisa na rampu, na kiti mwendo cha maktaba kikisubiri hapo. Kati yake pawe na benchi imara la kimo cha sentimita 45 hadi 50 lenye bomba la kushikia pembeni, mtu ahame mwenyewe kutoka baiskeli hadi benchi, kutoka benchi hadi kiti. Kumbeba mtu mzima kama mtoto mbele ya watu ndiyo sababu wengine hawarudi mara ya pili.

Kiti hicho kipimwe upepo wa matairi kila Jumatatu, na breki zote mbili. Kiti chenye tairi bapa ni kizito zaidi kusukuma.

Na mwisho wa rampu wekeni vigingi viwili, nafasi kati yao sentimita 90. Bila hivyo bodaboda zitaegeshwa hapo kila siku, maana ni penye kivuli na pamesakafiwa.

Mkutubi_Nyanda

Rafu sasa, maana hapa wakuu wa maktaba hukataa wakidhani watapoteza nusu ya vitabu. Fanyeni hesabu kabla ya kukataa. Chumba cha urefu wa mita 9, rafu za pande mbili zenye kina cha sentimita 50. Kwa njia za sentimita 75 mnaingiza safu 6. Kwa njia za sentimita 100 mnaingiza safu 5. Mmepoteza safu moja, na mara nyingi safu hiyo hujazwa na vitabu vya mtaala uliofutwa ambavyo vilipaswa kuondolewa zamani. Kima cha chini cha njia ni sentimita 90. 100 hadi 110 mtu anapita bila kukwaruza vidole kwenye rafu.

Aliyeketi anafikia takribani kutoka sentimita 40 hadi 120 toka sakafuni. Hamtazikata rafu ndefu, lakini mnaweza kuamua kilichomo: vitabu vinavyoazimwa sana vikae katikati, juu kabisa vikae majuzuu ya magazeti ya zamani. Rafu mkizisogeza, zifungeni upya sakafuni au zishikanisheni kwa bamba la chuma juu. Kuna atakayeishika ajivute.

Meza: nafasi ya magoti chini iwe kimo cha sentimita 70, upana 80, kina 50. Kikwazo ni droo, au ule ubao wa pembeni unaoshuka chini ya meza. Pimeni chini ya ubao huo. Ondoeni droo kwanza. Ikishindikana, inueni meza kwa vipande vya mbao vilivyotobolewa shimo la kuingia mguu wake, ili isiteleze. Meza hiyo ikae katikati ya nyingine. Mkiiweka pembeni karibu na choo mmemwambia mtu mahali pake ni wapi.

fimbo_nyeupe

Shukrani kwa uzi. Naongeza hatari ambayo mkaguzi anayeona hupita bila kuitambua: madirisha ya chuma yanayofunguka kwa nje, juu ya baraza au korido. Ncha yake iko usawa wa paji la uso. Fimbo nyeupe inasoma chini, haijui habari ya dirisha. Mtu anatembea kwa usahihi kabisa, fimbo inamwambia njia ni safi, anagonga chuma kwa kichwa.

Kanuni ya jumla: kitu chochote kilichoning'inia kati ya sentimita 70 na mita 2 kutoka sakafuni kisichomoze zaidi ya sentimita 10. Kwa madirisha, fundi abadilishe ile pini ya kushikilia ili yafunguke kidogo tu, au chini ya kila dirisha jengeni kisanduku cha maua chenye upana sawa na dirisha likiwa wazi. Fimbo itagonga kisanduku kwanza, mtu atazunguka. Mtungi wa kuzimia moto nao ni vilevile: uwekwe ndani ya uwazi wa ukuta, au chini yake pawe na kitu kinachofika sakafuni. Na chini ya ngazi zilizo wazi, weka kizuizi pale kimo kinaposhuka chini ya mita 2.

Mpangilio wa samani ukishazoeleka usibadilishwe kimyakimya. Ukibadilishwa, wasomaji wasioona watembezwe upya siku wanapofika.

Kuhusu mapokezi: msalimie mwenyewe, usimsalimie kwa kupitia aliyemleta. Na ujitaje. "Shikamoo mzee, mimi ni Asha wa mapokezi." Bila jina, hajui nani amesema naye. Ukimwongoza, mpe kiwiko chako akishike yeye, utangulie nusu hatua, useme "ngazi za kushuka, tatu". Usimsukume mgongoni, usimvute kwa fimbo. Ukiondoka, sema unaondoka, vinginevyo atakuwa anazungumza na kiti.

Uoni_Hafifu

Tusisahau kundi kubwa kuliko la wasioona kabisa: wenye uoni hafifu, wakiwemo watu wenye ualbino. Kwao tatizo la kwanza ni mwanga mkali, na maktaba nyingi zimepanga meza zikitazama dirisha kubwa kwa nia njema. Geuzeni meza, dirisha liwe ubavuni au nyuma ya msomaji, muweke pazia la rangi tulivu na taa ya mezani inayopinda shingo ambayo msomaji anaiwasha na kuizima mwenyewe. Meza zenye vioo juu ziondolewe, zinarudisha mwanga machoni.

Wekeni vibao vya kusimamishia kitabu. Mtu mwenye ualbino mara nyingi anasoma ukurasa ukiwa sentimita 10 hadi 15 na uso; bila kibao anainama saa nzima, shingo inauma, anaacha. Kibao cha mbao chenye mteremko na ukingo wa kuzuia kitabu, seremala yeyote wa mtaani anakitengeneza.

Maandishi makubwa hayahitaji mashine mpya. Mashine ya fotokopi ikikuza A4 hadi A3 inayafikisha asilimia 141 ya ukubwa wake, kwa hiyo herufi za ukubwa wa 12 zinakuwa karibu 17. Hapo msomaji anasoma. Lakini kitabu chenye herufi za 9 au 10 kitafika 13 au 14 tu, hakitoshi. Kipigwe chapa upya kwa 18. Karatasi isiyong'aa, herufi zisizo na mikia, mistari ipangwe kushoto tu bila kunyooshwa pande zote mbili, na msitumie herufi za mlazo.

jenga_kesho

Kompyuta je? Programu za kusoma skrini si ni ghali mno?

NuktaSita

Hapo pana habari njema, ndugu. NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, ni bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows, na sauti inayokuja nayo, eSpeak NG, ina Kiswahili ndani. Sauti yenyewe ni ya kimashine, lakini inatamka na inaendana na spidi kubwa. Inavyowekwa:

Sakinisha, kisha uiwashe kwa Ctrl, Alt na N. Bonyeza Insert, Ctrl na V, utaingia kwenye mipangilio ya usemaji. Chagua sauti ya Kiswahili na ushushe spidi hadi mgeni aielewe. Mzoefu atapandisha mwenyewe.

Yanayokwama ni haya. Kwanza, kompyuta nyingi za maktaba zina programu inayofuta kila kitu zikizimwa, kwa hiyo mipangilio inapotea kila siku. Dawa: ndani ya menyu ya NVDA, kwenye zana, kuna sehemu ya kutengeneza nakala ya kubebeka. Iweke kwenye flashi, na kila msomaji abaki na flashi yake yenye spidi na sauti yake. Pili, programu za kuhesabu muda hufungua dirisha la kuzuia skrini ambalo sauti hailisomi. Mtu anabaki kimya bila kujua kilichotokea. Hiyo kompyuta itolewe kwenye mfumo wa muda. Tatu, sauti ya Kiswahili ikisoma ukurasa wa Kiingereza inatoa maneno yasiyoeleweka, na msomaji akidhani mashine imeharibika anaondoka. Mfundisheni tangu siku ya kwanza kubadili sauti. Nne, hedifoni. Nunueni za waya, pamoja na za akiba, maana hizi ndizo zinazokufa kwanza.

Kwenye kibodi bandikeni kidoa cha kuinuka kwenye F, J na 5 ya upande wa namba kama vya asili vimefutika. Kwa wenye uoni hafifu, kitufe cha Windows pamoja na cha kujumlisha kinafungua kikuza skrini kilichomo tayari. Kwenye simu za Android, kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde 3 huwasha TalkBack, kisoma skrini cha simu, kama njia hiyo ya mkato imeruhusiwa, na wasomaji wengi vijana wataitaka simu kuliko kompyuta.

jenga_kesho

Na vitabu vyenyewe? Tumeskani vitabu vingi kuwa PDF lakini sauti haisomi kitu.

NuktaSita

Kwa sababu mmepiga picha za kurasa. Jaribio la sekunde tano: fungua PDF, jaribu kuweka alama kwenye neno moja kwa kipanya. Likishikika, kuna maandishi. Ukurasa wote ukishikika kama kipande kimoja, ni picha.

Skani upya kwa dpi (nukta kwa inchi) 300, au 400 kwa herufi ndogo, ukurasa unyooke na usiwe na kivuli cha katikati. Pitisha kwenye programu ya kutambua herufi. Tesseract ni bure na ina Kiswahili. Chagua lugha hiyo kabla, usiiache kwenye Kiingereza. Kisha mtu asome. Makosa yatakayojirudia kwenye Kiswahili: alama ya ritifaa kwenye ng' inapotea, "ng'ombe" inakuwa "ngombe" na sauti inatamka vibaya, "rn" inageuka "m" na kinyume chake, neno lililokatwa mwisho wa mstari linabaki vipande viwili, na namba ya ukurasa pamoja na kichwa cha juu vinajipenyeza katikati ya sentensi. Hizo namba zihamishieni mahali pake, msizifute, maana mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 48" mwanafunzi asiyeona naye afungue.

Vichwa vya sura vipewe mtindo wa kichwa kwenye programu ya kuandikia, isiwe tu kukoleza wino. Ndivyo msomaji anavyoruka sura hadi sura kwa kitufe cha H. Picha na michoro iandikiwe maelezo mafupi. Mwisho toeni EPUB, faili la kitabu cha kielektroniki. Thorium Reader inaisoma, nayo ni bure.

Breli_Kisumu

Hamjambo kutoka Kenya. Kabla mtu hajauliza kuhusu hakimiliki: Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa Juni 2013 na ukaanza kutumika Septemba 30, 2016. Kenya iliingia 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Unaruhusu taasisi isiyofanya biashara, maktaba ya umma ikiwemo, kutengeneza nakala ya breli, sauti, maandishi makubwa au ya kielektroniki bila kumwomba mwenye haki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine wanachama.

Mipaka yake ni lazima kuijua. Wanufaika ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye shida ya kusoma kama disleksia, na wale ambao mikono au mwili hauwaruhusu kushika kitabu. Uziwi peke yake haumwingizi mtu kwenye orodha hiyo. Nakala iwafikie wanufaika tu, na maktaba iweke daftari la nakala zilizotengenezwa na zilikoenda, huku ikitunza faragha ya wasomaji. Someni pia sheria ya hakimiliki ya nchi yenu. Waandikieni COSOTA (hakimiliki Tanzania) au KECOBO (hakimiliki Kenya) barua moja, majibu yakae kwenye faili, mkutubi ajaye asianze upya na hofu ileile.

Kisha muombe kujiunga na ABC Global Book Service, iliyo chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na ubunifu. Taasisi zilizoidhinishwa hazilipi, na mnapata vitabu vilivyokwisha kutengenezwa kwingine. Tafuteni huko kwanza kabla ya kuskani.

Sasa breli ya karatasi. Ukurasa mmoja wa chapa hutoa kurasa 2 hadi 3 za breli, kwa hiyo kitabu cha kurasa 200 kinaweza kuwa juzuu 4 hadi 6. Pangeni nafasi ya rafu mapema. Juzuu zisimame wima, zishikane bila kubanwa; zikilazwa na kurundikwa, zile za chini nukta zake zinasagika na vidole havisomi tena. Jina na namba ya juzuu viandikwe kwa breli kwenye uti wa kitabu na pia kwa wino, ili mhudumu anayeona arudishe juzuu ya 3 baada ya ya 2.

Karatasi iwe ya gramu 140 hadi 180. Ile ya kawaida ya gramu 80 inatoboka, na nukta zake zinalala baada ya kusomwa mara chache. Kabla ya kununua printa, ulizeni inatumia karatasi ya aina gani. Zipo za karatasi endelevu yenye matundu pembeni na zipo za karatasi moja moja. Ile ya matundu ikiisha na muuzaji yuko ng'ambo, mashine inalala miezi. Iwe na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), ifunikwe isiingie vumbi, na iwekwe chumba chake peke yake, kelele yake haivumiliki chumba cha kusomea. Unyevu wa pwani hulainisha karatasi: pakiti iliyofunguliwa ihifadhiwe ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Kwa fedha ndogo, mashine ya Perkins ya kuandikia kwa mkono na kifaa kama Orbit Reader 20, chenye seli 20 (nafasi 20 za herufi za breli) na kadi ya kumbukumbu, hufanya kazi zaidi ya printa isiyo na karatasi.

alama_mbili

Naona viziwi wamefikiwa mwisho, kama kawaida, kwa dhana kwamba kwa kuwa wanaona na wanatembea basi maktaba wanayo. Wengi lugha yao ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Kumwandikia kiziwi aya nzima ya masharti ya uanachama ni sawa na kumwandikia mtu kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Andikeni sentensi fupi, swali moja, majibu ya kuchagua. Rekodini video ya dakika 2 ya namna ya kujiunga, kuazima na kurudisha, iwekwe kwenye simu ya kaunta. Iwe ya Lugha ya Alama ya Tanzania kwa Tanzania na ya Kenya kwa Kenya; ni lugha mbili tofauti, msiazimane bila kuuliza. CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, watawaelekeza mpate mtu wa kuifanya.

Mhudumu wa kaunta asikae mgongo dirishani. Uso wake unakuwa kivuli, na kiziwi hasomi mdomo wala sura. Mwanga umwangukie usoni. Kumwita kiziwi: punga mkono, gusa bega kidogo, au zima na uwashe taa mara moja. Na neno ni kiziwi. Lile la "bubu" liondoke vinywani na kwenye fomu.

King'ora cha moto kiwe na taa inayomweka, na iwepo chooni pia, ambako mtu yuko peke yake.

Mkiandaa mhadhara au usomaji wa hadithi, mkalimani asimame kando ya mzungumzaji, awe na taa yake hata mkizima taa za ukumbi kwa ajili ya projekta. Zaidi ya saa moja wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30, maana akichoka anaanza kuruka maneno na kiziwi hana namna ya kujua alichokosa. Mpeni hotuba siku mbili kabla.

mwl_darasa7

Na watoto wenye usonji au ulemavu wa akili?

Mkutubi_Nyanda

Mwalimu, taa za mrija zinazopepesa zibadilishwe kwanza, hizo huumiza. Tengeni saa moja kwa wiki isiyo na kengele wala matangazo, na kona yenye mkeka na rafu fupi. Vitabu vyenye picha na maneno machache vichanganywe na vya kawaida, kijana wa miaka 16 asipelekwe kwenye kona ya chekechea kutafuta kitabu chake. Na kanuni ya "kimya" isitumike kumtoa mtoto anayetoa sauti bila kukusudia. Mpangieni chumba ambacho sauti haisumbui, asitolewe nje.

Gurudumu_Tatu

Choo hakijatajwa na ndicho kinachoamua mtu atakaa saa moja au siku nzima. Duara la sentimita 150 ndani, mlango ufunguke nje, uwazi wa 85. Kiti cha choo kimo cha 43 hadi 48, kando yake nafasi ya sentimita 90 ya kuegesha kiti mwendo, bomba ukutani kimo cha 85 lililofungwa kwa boliti za kupenya ukuta. Skrubu na plagi za plastiki hung'oka uzito ukija. Sinki isiwe na kabati chini. Ndoo na kata ya maji vikae anapofikia aliyeketi chooni. Komeo liwe la kusukuma, kubwa, lifunguke kwa ngumi.

Na kisigeuzwe stoo ya mifagio.

kasuku_wa_pwani

Ombi la fedha linaandikwaje ili likubalike?

Mkutubi_Nyanda

Ambatanisheni vipimo vyenu na mchoro, gharama kwa kila kipengele, kwa mpangilio wa njia ya msomaji. Tanzania tajeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kenya, ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inayotaja kufikia majengo na habari, lugha ya alama na breli. Na kabla ya kupeleka, mtu wa kiti mwendo, asiyeona na kiziwi walipitie jengo na kuweka maoni yao kwa maandishi au kwa video. SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania) wa mkoa wanaweza kuwaunganisha. Walipwe nauli na muda wao kama mshauri mwingine yeyote.

FundiZege

Sahihisho, mkuu. Bandiko lako la kwanza limeandika njia ya getini sentimita 120. Inatosha mtu mmoja. Kama viti mwendo viwili vitapishana, au baiskeli ya magurudumu matatu itapita na watu pembeni, iwe 180, au uweke sehemu za kupishania za 180 kila baada ya mita 20 hivi.

Mkutubi_Nyanda

Nimepokea. 120 ibaki kima cha chini penye ufinyu tu, kwingine 180. Mwl_darasa7, ukishachora ile rampu ya kukunja weka picha ya mchoro hapa kabla zege halijamwagwa, tuipitie pamoja.